Seva ya DNS: ubaki na iliyokuja na mfumo au uhamie mpya? Mwongozo kamili kwa fundi wa ofisi ndogo

Simu ilinikuta kwenye daladala, tumekwama foleni ya Mwenge. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Intaneti ipo, taa za ruta zinawaka zote, ila hakuna kinachofunguka." Anapiga kutoka ofisi ya uwakala wa forodha, karibu na bandari, na kwao dakika 20 bila mfumo ni kontena linalolala kwa gharama ya mteja. Usiku umeme ulikatika, asubuhi ukarudi, seva ndogo ya Linux ikawaka vizuri, lakini programu ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, ikagoma. Logi ilikuwa na mstari mmoja: `libcrypto.so.1.1: cannot open shared object file`.

Nilichokikuta nimekikuta ofisi nyingi tangu hapo. Miaka kadhaa nyuma ripoti ya ukaguzi iliwaambia kwamba toleo lao la BIND, programu yao ya DNS, ni la zamani. Kijana aliyekuwa fundi wao akaondoa ile iliyokuja na Ubuntu, akapakua toleo jipya kabisa la siku hiyo, akalijenga mwenyewe kutoka chanzo na kuliweka `/usr/local`. Baadaye akapata kazi Dodoma. Mfumo ukapandishwa kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, OpenSSL, yenye maktaba hiyo ya `libcrypto`, ikatoka 1.1 kwenda 3, na ile programu iliyojengwa kwa mkono ikabaki inatafuta maktaba ambayo siku moja haikuwepo tena. Muda wote huo haikupata kiraka hata kimoja cha usalama. Ile iliyoondolewa kwa sababu "ni ya zamani" ingekuwa imepata viraka vyote, kimyakimya, usiku.

Ndiyo maana swali la kubaki au kuhama silijibu kwa kuangalia namba ya toleo. Nauliza kwanza seva inafanya kazi gani, halafu nani ataiwekea viraka mimi nikiwa nimelala. Programu yenyewe inakuja mwisho, na mara nyingi kufikia hapo imeshajichagua.

Hatua ya 1: Jua nani anajibu sasa hivi

Usianze kusakinisha chochote. Ingia kwenye seva uandike:

```
ss -lnup | grep ':53 '
ss -lntp | grep ':53 '
```

Utaona programu iliyokalia poti 53, mlango wa DNS, kwa UDP na kwa TCP. Ikiwa ni `named`, hiyo ni BIND. `unbound`, `nsd`, `pdns_server` na `knotd` zinajitaja zenyewe. Ukiona `systemd-resolve` kwenye 127.0.0.53, huyo ni msaidizi wa ndani wa Ubuntu kwa ajili ya mashine hiyo peke yake, hahudumii ofisi.

Kisha uliza asili yake. Hii ndiyo amri ninayoithamini kuliko zote, na wengi wanairuka:

```
readlink -f $(which named)
dpkg -S /usr/sbin/named
```

Kwenye AlmaLinux au Rocky tumia `rpm -qf /usr/sbin/named`. Ukijibiwa jina la kifurushi, programu ina mwenyewe: kuna watu wanaoitunza. Ukiona iko `/usr/local/sbin` na hakuna kifurushi kinachoidai, basi mwenyewe ni wewe, na kabla yako alikuwa fundi aliyeondoka.

Mwisho wa hatua hii, nenda kwenye kompyuta ya mhasibu au ya mapokezi uone inapewa anwani gani ya DNS. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kurekebisha seva ambayo hakuna kompyuta hata moja iliyokuwa ikiitumia. Zote zilikuwa zinauliza ruta, na ruta inauliza nje ya nchi.

Hatua ya 2: Tenganisha dalali na mjumbe

DNS ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya kwa sababu zote zinapita poti 53.

Ya kwanza ni ya dalali. Unamtuma akutafutie nyumba. Yeye mwenyewe hana nyumba, ila anajua pa kuanzia, anauliza huyu, anaelekezwa kwa yule, anarudi na jibu. Jibu hilo analikumbuka kwa muda ili mteja wa pili asimsubiri. Hii inaitwa rizolva, na kumbukumbu yake ndiyo kache.

Ya pili ni ya mjumbe wa shina mwenye daftari la kaya zake. Umuulize kuhusu kaya yake, jibu lake ni la mwisho. Umuulize kuhusu mtaa mwingine, atakuambia hausiki. Hii ndiyo seva inayotunza zoni, yaani kumbukumbu rasmi za kikoa fulani (jina kama lile la .co.tz).

Paul Mockapetris alipobuni DNS mwaka 1983 alizipanga kazi hizi mbili kama vitu viwili. BIND, iliyoandikwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka hiyohiyo ya 80 na leo inatunzwa na shirika la ISC, ikazibeba zote ndani ya programu moja, na BIND 9 ya mwaka 2000 ikaendelea hivyo. Kwa hiyo ofisi iliyosakinisha BIND huwa na dalali na mjumbe ndani ya koti moja, hata kama inamhitaji mmoja tu.

Programu nyingi zilizokuja baadaye zilikata koti hilo. NLnet Labs ya Uholanzi ina NSD kwa ajili ya kutunza zoni na Unbound, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2008, kwa ajili ya kutafuta. CZ.NIC, wasimamizi wa kikoa .cz, wana Knot DNS na Knot Resolver. (Hao CZ.NIC si wageni kwetu: mfumo wa usajili wa FRED, ambao .tz imeutumia kusajili majina, ni kazi yao.) PowerDNS nayo ina programu mbili tofauti.

Kutenganisha kuna faida ya usalama. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi kache ya rizolva inavyoweza kulishwa majibu ya uongo. Shambulio la aina hiyo linamlenga dalali anayekumbuka. Mjumbe asiyekumbuka chochote zaidi ya daftari lake halimhusu. Na rizolva iliyo wazi kwa dunia nzima hutumiwa kurushia watu wengine mafuriko ya paketi, swali dogo likirudisha jibu kubwa. Seva inayotunza zoni lazima iwe wazi kwa dunia. Rizolva lazima ifungwe. Ukiziweka pamoja, kosa moja kwenye faili la mipangilio linafungua zote.

Sasa jiulize kwa uaminifu: ofisi yako inamhitaji nani? Kama una kikoa cha .co.tz kwa ajili ya tovuti na barua pepe, ushauri wangu ni kwamba zoni yake isikae ofisini. Laini moja ya intaneti, umeme unaokatika, jenereta isiyo na mafuta: barua pepe za wateja zitapotea njiani. Mwachie msajili au mtoa huduma mwenye seva angalau mbili kwenye mitandao tofauti. Ofisi ndogo nyingi za Dar zinahitaji dalali tu, pamoja na majina machache ya ndani kama printa na seva ya mafaili. Ukishalijua hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Hatua ya 3: Soma namba ya toleo kwa jicho la fundi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na ndipo ninapokuomba uniazime utulivu wako.

Mfumo kama Debian, Ubuntu LTS au AlmaLinux huchagua toleo moja la programu siku unapotoka, kisha hukaa nalo miaka. Debian 12 ilitoka na BIND ya familia ya 9.18. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ina 9.20. Red Hat Enterprise Linux 9 na ndugu zake AlmaLinux na Rocky zilianza na 9.16, familia ambayo ISC yenyewe iliacha kuitunza mwaka 2024. Ukisoma hapo tu, utasema AlmaLinux 9 inakuuzia maiti.

Lakini watunzaji wa mfumo huchukua kiraka kilichoandikwa kwa ajili ya toleo jipya, wanakipandikiza kwenye toleo lao la zamani. Namba ya mbele mara nyingi haibadiliki, kinachobadilika ni mkia wake. Kifaa cha ukaguzi kinachouliza seva "wewe ni toleo gani" huona namba ya mbele tu, kinaandika hatari kwa wino mwekundu, na bosi anaanza kupiga simu.

Usibishane kwa maneno. Leta ushahidi. Chukua hitilafu inayojulikana: KeyTrap, CVE-2023-50387, iliyotangazwa Februari 2024. Paketi moja iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuishughulisha rizolva hadi isijibu mtu mwingine. Uliza kifurushi chako kama kimetibiwa:

```
zgrep CVE-2023-50387 /usr/share/doc/bind9/changelog.Debian.gz
rpm -q --changelog bind | grep CVE-2023-50387
```

Mstari wa kwanza ni wa Debian. Kwenye Ubuntu tumia `apt changelog bind9` kwa sababu faili la ndani huwa limefupishwa. Mstari wa pili ni wa AlmaLinux na Rocky. Jibu likitoka, linakili, libandike kwenye ripoti, mpelekee mkaguzi. Nimemaliza mijadala ya wiki mbili kwa mstari mmoja wa namna hiyo.

Kumbuka pia kwamba KeyTrap haikuichagua BIND kwa uzee wake. Unbound, PowerDNS Recursor na Knot Resolver nazo ziliguswa, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye kanuni zenyewe za DNSSEC, yaani sahihi zinazothibitisha kwamba jibu la DNS ni la kweli. Aliyepona haraka ni yule ambaye masasisho yake yanaingia yenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo halisemwi vya kutosha: si kila kifurushi ndani ya mfumo kina mtunzaji wa kiwango kilekile. Andika `apt-cache policy nsd` kwenye Ubuntu utaona neno `universe`. Maana yake kifurushi hicho hakimo kwenye kundi kuu ambalo Canonical wanalihudumia moja kwa moja. Viraka vyake hutegemea jamii au usajili wa Ubuntu Pro. Kwenye AlmaLinux, BIND na Unbound zimo ndani ya mfumo, ila NSD, Knot na PowerDNS utazipata EPEL, hazina ya vifurushi vya nyongeza. Debian wanaziweka zote kundi moja. Kwa hiyo "imekuja na mfumo" ni neno lenye ngazi, na ngazi hiyo uiangalie kabla ya kuchagua.

Hatua ya 4: Pima kama una sababu ya kuhama

Sababu ninazozikubali ni chache. Mfumo wako umefikia mwisho wa matunzo: hapo pandisha mfumo mzima, usihangaike na DNS peke yake. Unahitaji kitu ambacho toleo lako halina, kwa mfano DNS iliyosimbwa: BIND ilipata DoT na DoH za ndani kuanzia 9.18, kwa hiyo aliye kwenye 9.16 hana. Au unataka kumtenga dalali na mjumbe kwa sababu nilizoeleza. Au umerithi kitu kilichojengwa kwa mkono kama kile cha bandarini, na unataka kirudi kwenye mikono ya watunzaji.

Kasi siikubali. Ofisi ya kompyuta 30 haiwezi kuichosha programu yoyote kati ya hizi, hata kwenye mashine ya bei ya chini. Kinachochelewesha ni safari ya swali. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, ofisi nyingi hapa mjini ziliona hata tovuti zilizohifadhiwa Dar es Salaam hazifunguki. Mzigo wenyewe ungeweza kupita ndani kwa ndani kwenye TIX, kituo ambako mitandao ya ndani hukutana, lakini jina lilikuwa linatumwa kuulizwa ng'ambo kupitia njia iliyosongamana. Nakala za baadhi ya seva za mzizi, zile ambako utafutaji wa jina huanzia, zipo hapahapa Dar es Salaam. Rizolva yako mwenyewe, inayouliza kuanzia mzizi badala ya kupeleka kila swali kwa rizolva ya nje, inazitumia.

Rizolva ya ofisini ina kinga nyingine pia: inaweza kutoa jibu lililopitwa na muda pale seva za mbali zisipofikika. Utaratibu huo umo kwenye waraka wa kiufundi RFC 8767 wa mwaka 2020. Unbound wanauita `serve-expired`, BIND wanauita `stale-answer-enable`. Unaona kwamba hata hapa huhitaji kuhama ili kuupata. Ni mstari wa kuandika.

Hatua ya 5: Chagua

Kama ni rizolva tu na unaanza upya, chagua Unbound, ile ya ndani ya Debian, Ubuntu au AlmaLinux. Faili lake la mipangilio linasomeka na mtu asiye mtaalamu, na haina kazi ya pili ya kukuchanganya. FreeBSD waliiweka ndani ya mfumo wao badala ya BIND kuanzia toleo la 10.0, Januari 2014.

Kama BIND ya kifurushi inafanya kazi, imefungwa kwa ofisi peke yake, na masasisho yanaingia, iache. Nasema hivi kwa moyo mweupe, mimi mpenzi wa Unbound. Kuhama kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mteja.

Unatunza zoni kwa ajili ya watu wengine? NSD ni nyepesi na inasoma mafaili ya kawaida ya zoni ya BIND bila kuyabadilisha. Iliandikwa kwa ushirikiano na RIPE NCC kwa ajili ya seva ya mzizi ya K, ili dunia isitegemee programu moja. Haipokei mabadiliko yanayotumwa na DHCP (huduma inayogawa anwani kwa kompyuta) wala haisaini zoni yenyewe. Ukitaka kusaini DNSSEC bila kuhangaika, Knot DNS inakufanyia yote. Ukiwa na mamia ya vikoa vya wateja na tovuti ya kuvisimamia, PowerDNS inakaa juu ya MySQL au PostgreSQL na kukuondolea mafaili.

Ofisi yenye Windows Server na Active Directory isiguswe. Kompyuta ziendelee kuuliza DNS ya Windows, kwa sababu ndiyo inayojua wapi pa kuingilia. Mwambie huyo Windows apeleke maswali ya nje kwa Unbound. Basi.

Hatua ya 6: Sakinisha kando, usibomoe

Tunachukua Debian 12, mtandao wa 192.168.10.0/24, seva mpya kwenye 192.168.10.2. Ya zamani iache inaendelea kufanya kazi kwenye anwani yake.

```
apt update
apt install unbound dnsutils unattended-upgrades
dpkg-reconfigure unattended-upgrades
```

Mstari wa tatu ndiyo sababu ya safari yote hii. Ukiulizwa kama masasisho yaingie yenyewe, jibu ndiyo. Kwenye AlmaLinux kazi hiyo inafanywa na `dnf-automatic`.

Sasa fungua `/etc/unbound/unbound.conf.d/ofisi.conf`:

```
server:
    interface: 127.0.0.1
    interface: 192.168.10.2
    access-control: 127.0.0.0/8 allow
    access-control: 192.168.10.0/24 allow
    prefetch: yes
    serve-expired: yes
    serve-expired-ttl: 86400
    serve-expired-client-timeout: 1800
    domain-insecure: "internal"
    local-zone: "ofisi.internal." static
    local-data: "printa.ofisi.internal. IN A 192.168.10.20"
    local-data: "mafaili.ofisi.internal. IN A 192.168.10.5"
```

Anwani za `interface` zitaje moja moja. Ukiandika 0.0.0.0 kwenye Ubuntu, itagongana na yule msaidizi wa 127.0.0.53 na huduma haitawaka. Mistari ya `access-control` inasema nani anaruhusiwa kuuliza, usiweke 0.0.0.0/0 hata kwa majaribio ya dakika tano, maana majaribio ya dakika tano husahaulika miaka mitano. Ile 1800 ni milisekunde: rizolva itajaribu kupata jibu jipya kwa muda huo, ikishindwa itatoa la zamani lililo kwenye kache, lisilozidi siku moja tangu lipitwe.

Majina ya ndani nimeyaweka chini ya `.internal` kwa sababu ICANN walilitenga neno hilo mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani. Acha kubuni `.local`, lina kazi yake nyingine kwenye printa na simu, na litakusumbua.

Kama zoni ya ndani ni kubwa na unataka iendelee kukaa kwenye BIND au NSD ya mashine hiyohiyo kwa poti nyingine, badilisha mistari ya `local-zone` na `local-data` uweke `stub-zone`, na usisahau `do-not-query-localhost: no`. Bila hiyo, Unbound inakataa kuuliza 127.0.0.1 na haitakueleza kwa nini. Kwa majina ya kinyumenyume ya 192.168, ongeza `local-zone: "168.192.in-addr.arpa." nodefault`. Mistari hii miwili imenila usiku mbili tofauti.

Hakiki, kisha washa:

```
unbound-checkconf
systemctl restart unbound
```

Uliyeamua kubaki na BIND na kupandisha mfumo tu, tumia `named-checkconf` kabla na baada. Kutoka 9.18 kwenda 9.20 mpangilio wa `auto-dnssec` umeondolewa na nafasi yake ni `dnssec-policy`; ukiuacha mstari wa zamani, `named` haiwaki. Pia kwenye Debian na Ubuntu, mafaili ya zoni ukiyaweka nje ya `/etc/bind`, `/var/cache/bind` na `/var/lib/bind`, AppArmor, mlinzi wa ndani wa mfumo, inaweza kuyazuia hata kama ruhusa zinaonekana sawa.

Hatua ya 7: Umeme na saa

Hili linatuhusu sisi kuliko watu wa miji ambayo umeme haukatiki. DNSSEC huhakiki sahihi zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Seva ambayo betri ya ubao wake imekufa, umeme ukikatika, inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Kila sahihi inaonekana batili, na kila jina linarudi SERVFAIL, yaani kosa badala ya jibu. Ungesema NTP itarekebisha saa, lakini NTP inatafuta seva zake kwa jina, na majina hayapatikani mpaka saa irekebishwe. Ofisi nzima inasimama huku kila kifaa kikiwa kizima. Raspberry Pi 4 na za nyuma yake hazina saa ya betri kabisa.

Tiba ni tatu, fanya zote. Nunua betri ya CR2032 ubadilishe. Ruta nyingi zinaweza kutoa muda, kwenye `/etc/chrony/chrony.conf` (faili la chrony, programu ya kurekebisha saa) ongeza `server 192.168.10.1 iburst` kwa namba, si kwa jina, baada ya kuhakikisha ruta yako inaitoa huduma hiyo. Na seva ya DNS iwe kwenye UPS pamoja na ruta. UPS ndogo inatosha kwa mashine ndogo. Waachie jenereta wenye AC.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuhamisha watu

```
dig @192.168.10.2 www.udsm.ac.tz
dig @192.168.10.2 printa.ofisi.internal
dig @192.168.10.2 dnssec-failed.org
dig @192.168.10.2 dnssec-failed.org +cd
dig @192.168.10.2 tz. SOA +dnssec
```

Mbili za kwanza zijibu NOERROR. Ya tatu lazima ishindwe kwa SERVFAIL, kwa sababu kikoa hicho kimeharibiwa makusudi. Ya nne, inayoruka uhakiki, ipite. Ya tano ioneshe alama ya `ad` kwenye kichwa, maana zoni ya .tz imesainiwa. Rudia ya kwanza mara mbili: mara ya pili `Query time` ishuke hadi milisekunde chache.

Halafu, ukiwa nje ya ofisi kwa bando la simu yako, uliza anwani ya umma ya ofisi: `dig @anwani-yako example.com`. Ukijibiwa, kuna mlango wazi, na huenda ukawa ni ruta wala si Unbound. Ufunge siku hiyohiyo.

Kuhamisha watu ni kubadilisha anwani ya DNS kwenye DHCP ya ruta. Fanya Ijumaa jioni au Jumamosi, kompyuta zitachukua anwani mpya kadiri muda wao wa DHCP unavyoisha. Vifaa vyenye anwani za mkono, kama printa na mashine ya mahudhurio ya vidole, vipitie kimoja kimoja. Seva ya zamani iache wiki nzima. Angalia kama bado kuna anayeiuliza kwa `tcpdump -ni any port 53`. Ikinyamaza, izime, ila usiifute mpaka mwezi uishe.

Hatua ya 9: Ufunguo wa mzizi

Ufunguo unaosaini mzizi wa DNS ulibadilishwa mara ya kwanza Oktoba 11, 2018. Ufunguo unaofuata, wenye namba 38696, ulionekana kwenye mzizi tangu Januari 2025, na Oktoba 11, 2026 ndiyo siku iliyopangwa uanze kusaini. Rizolva inayohakiki lakini isiyoujua itakuwa kipofu siku hiyo. Programu ya kifurushi inayosasishwa hujifunza yenyewe. Ile iliyojengwa kwa mkono na kusahaulika ndiyo yenye hatari, na hasa ile ambayo fundi aliandika ufunguo wa 2018 kwa mkono kwenye faili la mipangilio.

Kwenye Unbound ya Debian fungua `/var/lib/unbound/root.key` utafute 38696 yenye neno VALID. Kwenye BIND andika `rndc managed-keys status`. Usipouona, kagua kama folda hiyo inaandikika na programu yenyewe, maana mara nyingi ndipo penye tatizo.

Pale bandarini niliweka Unbound ya kifurushi, nikabadilisha betri, nikahamisha kompyuta 14 kabla ya saa tano. Kisha nikabandika karatasi juu ya seva, na nakushauri ubandike yako: anwani ya seva, jina la kifurushi, mahali faili la mipangilio lilipo, anwani ya dharura ya kuweka kwenye ruta ikiwa seva itazima, na tarehe ya mwisho wa matunzo ya mfumo. Mama aliisoma yote, akauliza hiyo tarehe ya mwisho maana yake nini, nilipomweleza akaichukua kalamu akaiandika pia kwenye kalenda yake ya ukutani.